Kedi Mwenye Ndoto ya Gofu ya Kulipwa: Aingie Mashindanoni, Aende Chuo Marekani, au Asomee Ualimu?

Klabu nyingi za gofu katika Afrika Mashariki huwaachia makedi, yaani wanaowabebea wachezaji mikoba ya fimbo, uwanja siku ya Jumatatu, na mtu akitaka kujua vipaji vya mchezo huu viko wapi, hiyo ndiyo siku ya kwenda kutazama. Utawakuta vijana watatu wakigawana mkoba mmoja wenye fimbo saba, kila fimbo ya kampuni yake, glavu moja ikizunguka kati yao hadi imetoboka kwenye kidole gumba, na mipira waliyoiokota wenyewe vichakani na kando ya mabwawa. Mmoja wao atamaliza mashimo 18 kwa mikwaju 73 (katika gofu mwenye mikwaju michache ndiye bora), na kesho yake, Jumanne, atambebea mkoba mwanachama asiyeweza kumkaribia hata akipewa mikwaju kumi ya bure.

Kijana huyo ndiye niliyemwandikia ulinganisho huu, pamoja na mwenzake aliyejifunza gofu akiwa shuleni, na binti anayecheza vizuri kuliko kaka zake lakini hajawahi kuambiwa kwamba kuna mahali pa kwenda. Wote huulizwa wanangoja nini kuingia gofu ya kulipwa, na kila anayewauliza ana njia moja tu kichwani mwake, mara nyingi ile ile aliyoipita yeye au aliyotamani kuipita. Mimi naziona njia tatu. Zote zimewahi kumfikisha mtu mbali, kwa hiyo kuuliza ni ipi inayofika juu zaidi hakusaidii sana. Linalosaidia ni kujua kila moja inamwangusha mtu kwa namna gani, na akianguka anaangukia nini, kwa kuwa kuanguka katika gofu kuna uhakika kuliko kushinda.

Vigezo vya kupimia

Cha kwanza ni gharama, na nani anayeilipa. Juma moja la mashindano lina ada ya kuingia, nauli, malazi, chakula, ujira wa kedi na mipira, na gharama hizo zote hutoka mfukoni kabla ya mpira wa kwanza kupigwa. Baada ya mashimo 36 hufanyika mchujo; katika DP World Tour, ziara kuu ya Ulaya, yaani mfululizo wa mashindano ya kulipwa, kwa kawaida wachezaji 65 wa kwanza na waliolingana nao ndio wanaoendelea, na anayebaki nje hurudi nyumbani bila senti.

Cha pili ni umri na muda. Hapa gofu ina huruma kuliko michezo mingi. Y. E. Yang wa Korea Kusini alianza kucheza akiwa na miaka 19, alipokuwa akifanya kazi ya kuokota mipira kwenye uwanja wa mazoezi, na mwaka 2009 alimshinda Tiger Woods na kutwaa taji la PGA Championship, moja ya mashindano makubwa manne ya gofu, akiwa na miaka 37. Calvin Peete wa Marekani alishika fimbo akiwa na zaidi ya miaka 20 na bado alishinda mara 12 katika PGA Tour, ziara kuu ya Marekani. Umri mkubwa, kwa hiyo, haufungi mlango wa mchezo wenyewe, ingawa unaweza kufunga mlango wa chuo.

Cha tatu ni ushindani utakaoupata na wingi wake, yaani utacheza mashindano mangapi ya kweli kwa mwaka. Cha nne ni masharti ya mlangoni: vyeti, majaribio ya uwezo, pasipoti, na jambo ambalo makedi wengi hulijua wakiwa wamechelewa, ambalo ni hadhi ya ridhaa, yaani kuhesabiwa mchezaji asiyecheza kwa malipo. Tangu tarehe 1 Januari 2022, kanuni za R&A na USGA, mashirika mawili yanayotunga kanuni za gofu, zinamruhusu mchezaji wa ridhaa kupata wafadhili bila kikomo, lakini zawadi isizidi pauni 700 za Uingereza au dola 1,000 za Marekani, na fedha taslimu zipokelewe tu katika mashindano yasiyotumia handikapu, ile mikwaju ya bure anayopewa mchezaji dhaifu. Kubeba mkoba kwa malipo hakukuondolei hadhi hiyo. Kufundisha kwa malipo kunakuondolea, na hapo ndipo kijana anayemwelekeza mwanachama namna ya kushika fimbo kwa shilingi chache anaweza kujiharibia bila kujua.

Cha tano, ambacho mimi nakipa uzito kuliko vyote, ni kinachobaki mkononi ndoto ikikwama.

Njia ya kwanza: kuingia gofu ya kulipwa nyumbani na kupanda kupitia mashindano ya kanda

Hii ndiyo njia iliyo karibu zaidi na mlango wa kedi. Kenya ina Safari Tour, inayoendeshwa na waandaaji wa Kenya Open, na katika miaka ya karibuni Sunshine Tour ya Afrika Kusini imeleta mashindano yake ya maendeleo katika ukanda huu. Tanzania ina mfululizo wa Lina PG Tour, unaomuenzi marehemu Lina Nkya, na Uganda ina Uganda Open yake ya miaka mingi. Juu ya yote hayo kuna Kenya Open, iliyoanza mwaka 1967 na kuingia katika kalenda ya ziara kuu ya Ulaya mwaka 2019, ambayo hutenga nafasi kwa wachezaji wa nyumbani.

Masharti ya mlangoni ni mepesi kuliko ya njia nyingine mbili: hakuna cheti cha shule kinachodaiwa, na anayeweza kuthibitisha uwezo wake uwanjani husikilizwa. Gharama kwa kila shindano pia ni ndogo, kwa kuwa mtu anaweza kulala kwa jamaa na kupanda basi. Ila gharama hiyo haina mwisho, na hakuna anayekulipia isipokuwa umtafute.

Tatizo la njia hii ni ushindani. Kenya Open imetwaliwa na nyota wa Ulaya kama Seve Ballesteros mwaka 1978 na Ian Woosnam mwaka 1986, lakini Mkenya hajawahi kuitwaa. Jacob Okello aliikaribia mno mwaka 1998. Mwaka 2023, katika klabu ya Muthaiga jijini Nairobi, Njoroge Kibugu ndiye Mkenya pekee aliyevuka mchujo, akiwa bado mgeni katika gofu ya kulipwa, na furaha iliyomzunguka uwanjani ilionyesha jinsi jambo hilo lilivyo gumu. Sikubali kwamba sababu ni upungufu wa kipaji. Mchezaji wa nje anafika Nairobi akitoka kucheza mashindano ya siku nne majuma kadhaa mfululizo, amekwisha kosea na kujirekebisha mara nyingi mwaka huo. Mwenyeji anaingia akitoka kwenye shindano la mwezi uliopita, na mazoezi aliyoyafanya katikati aliyafanya saa ambazo wanachama hawakuwa uwanjani.

Nimewahi kumtazama mchezaji mmoja wa kwetu jioni ya siku ya pili, ameketi kwenye ngazi za jengo la klabu, viatu amevivua, akisubiri vikundi vya mwisho vimalize. Ubao ukabadilika, mstari wa mchujo ukasogea kwa mkwaju mmoja, naye akawa nje. Hakusema neno. Aligeuza kadi yake ya alama na kuanza kujumlisha kwa penseli: ada, chumba kwa usiku nne, kedi, chakula. Kilichomtoa kilikuwa mpira wa futi tatu uliozunguka ukingo wa shimo la 17 ukakataa kuingia. Anayechagua njia hii ajue kwamba jioni kama hiyo itamjia mara nyingi, na ajue mapema fedha za juma linalofuata zitatoka wapi.

Ngazi inayofuata ni mashindano ya kufuzu nje ya nchi. Yale ya Sunshine Tour ndiyo yaliyo karibu nasi kwa safari na kwa mazingira. Ya ziara kuu ya Ulaya yana hatua tatu, na hatua ya mwisho, huko Tarragona nchini Hispania, ni raundi sita, mashimo 108, ambapo wachezaji 20 wa juu na waliolingana nao hupata kadi ya kucheza katika ziara hiyo. Yanawezekana, lakini ni ya kuendewa na mtu aliyekwisha kuzoea kushinda nyumbani.

Anayetaka ushahidi kwamba kedi anaweza kupita humu amtazame Siddikur Rahman wa Bangladesh. Alianza kama mwokota mipira katika klabu ya Kurmitola jijini Dhaka, nchi yake haikuwa na jina lolote katika gofu, na mwaka 2010 alishinda Brunei Open katika Asian Tour, kisha Indian Open mwaka 2013. Mwaka 2016 ndiye aliyebeba bendera ya Bangladesh katika Michezo ya Olimpiki ya Rio.

Na mtu akianguka? Anabaki na mikono yake na heshima ya wenzake, mambo ambayo si madogo, lakini hana cheti, na mlango wa chuo cha Marekani unakuwa umefungika kwa sababu si mchezaji wa ridhaa tena. Njia hii inamfaa mwenye alama zinazodumu, aliyepita umri wa shule, na mwenye angalau mfadhili mmoja wa kumshikilia kwa msimu mzima badala ya shindano moja.

Njia ya pili: ufadhili wa masomo katika chuo cha Marekani

Hapa hesabu inageuka. Kwa kijana anayepata ufadhili, chuo hulipa karo yote au sehemu, kocha, usafiri wa mashindano na uwanja wa mazoezi, na mchezaji hupata mashindano mengi dhidi ya vijana wa rika lake kutoka dunia nzima. Hakuna mchujo wa fedha wa kumnyima usingizi. Akipiga 79 Jumatatu, Jumanne bado ana chakula, kocha na darasa.

Gharama zinazomhusu yeye huja kabla ya kuondoka: mitihani, pasipoti, viza ya mwanafunzi, kutafsiri na kuthibitisha vyeti, na mashindano ya ridhaa ya kujengea jina. Ufadhili kamili ni adimu kuliko vijana wanavyodhani. Kwa miaka mingi timu ya wanaume ya Divisheni ya Kwanza ya NCAA, chama kikuu cha michezo ya vyuo vya Marekani, iliruhusiwa kugawa ufadhili unaolingana na nafasi 4.5 tu, na ya wanawake nafasi 6. Tangu mwaka 2025, vyuo vilivyokubali utaratibu mpya vimeondolewa kikomo hicho, lakini timu haizidi wachezaji 9, na kwa hiyo kiti chenyewe kinagombaniwa zaidi. Divisheni za chini, vyuo vya NAIA (chama kingine, kidogo zaidi, cha michezo ya vyuo) na vyuo vya miaka miwili vina masharti mepesi, na mtu asione aibu kuanzia huko.

Masharti ya mlangoni ndiyo yanayowatenga wengi. Divisheni ya Kwanza inadai masomo ya msingi 16 ya sekondari na wastani wa 2.3 katika mfumo wa Marekani. Kwa lugha ya kwetu, kijana aliyeacha kidato cha pili ili abebe mikoba hawezi kupita hapa hata akipiga mikwaju 65, na hilo linaniuma kila ninapolifikiri, kwa kuwa mara nyingi aliacha shule kwa sababu ya ada na wala si kwa kukosa akili. Makocha nao hawasomi barua za sifa. Wanataka alama za mashindano yanayotambulika katika orodha ya dunia ya wachezaji wa ridhaa, na video fupi inayoonyesha mchezaji akipiga mpira, akichukuliwa kutoka mbele na kutoka nyuma.

Madalitso Muthiya wa Zambia alipita hapa. Alisoma Chuo Kikuu cha New Mexico, na mwaka 2006 akawa Mzambia wa kwanza kucheza US Open, nayo moja ya yale mashindano makubwa manne, pale Winged Foot. Hakuvuka mchujo. Alihangaika katika ziara ndogo za Marekani, akarudi Afrika, na mwaka 2016, muongo mzima baadaye, akashinda katika Sunshine Tour. Chuo hakikumfikisha kileleni kwa mstari ulionyooka, lakini kilimpa uwezo wa kusubiri miaka kumi. Naye Erik Compton wa Marekani, aliyesoma Chuo Kikuu cha Georgia, amewekewa moyo wa mtu mwingine mara mbili, mwaka 1992 akiwa mtoto na tena mwaka 2008. Mwaka 2014 alimaliza wa pili kwa kulingana na mwenzake katika US Open ya Pinehurst. Na binti wa Kilifi anayejiuliza kama njia hii ni ya wavulana tu atazame yaliyotokea Vipingo Ridge mwaka 2024: aliyeshinda Magical Kenya Ladies Open, shindano la ziara ya wanawake ya Ulaya, alikuwa Shannon Tan wa Singapore, aliyepitia chuo cha Texas Tech kabla ya kugeuka mchezaji wa kulipwa.

Anayekwama baada ya chuo anaangukia shahada. Ubaya ni muda na umbali: miaka minne mbali na nyumbani, baridi, upweke, na masomo yanayodai saa za usiku baada ya mazoezi. Wapo wanaorudi wakiwa wameichoka gofu kabisa.

Njia ya tatu: kusomea ualimu wa gofu

Kwetu njia hii hudharauliwa, eti ni ya walioshindwa kucheza. Nadhani dharau hiyo imewagharimu wengi. Mafunzo ya PGA, chama cha wachezaji na walimu wa gofu wa kulipwa, kama yale ya Uingereza na Ireland ambako chama kilianzishwa mwaka 1901, huanza na jaribio la uwezo wa kucheza, kisha huendelea kwa miaka kadhaa mwanafunzi akifanya kazi klabuni huku akisoma ufundishaji, kanuni, urekebishaji wa fimbo na uendeshaji wa duka. Afrika Kusini nayo ina chama chake cha PGA chenye mafunzo yake. Ada ipo, lakini mwanafunzi anapata kipato anaposoma, na klabu zinazomjua kedi kwa miaka mingi zinaweza kushawishika kumlipia, hasa zikiwa na watoto wa wanachama wanaohitaji mwalimu.

Umri si kizuizi. Kinachohitajika ni kusoma na kuandika vizuri, subira na watu, na alama za kuridhisha. Hadhi ya ridhaa inaondoka hapa pia. Mashindano ni machache, na saa za mazoezi huliwa na kazi: anayefundisha watoto wanane Jumamosi asubuhi jua kali hana nguvu za kupiga mipira mia mbili mchana.

Hata hivyo mlango wa juu haujafungwa kabisa. Nchini Marekani, PGA Championship hutenga nafasi 20 kila mwaka kwa walimu wa klabu. Mwaka 2023, pale Oak Hill, mwalimu mmoja kutoka California, Michael Block, mwenye miaka 46, alivuka mchujo, akacheza raundi ya mwisho sambamba na nyota Rory McIlroy, akaingiza mpira shimoni kwa mkwaju mmoja kwenye shimo la 15, na kumaliza nafasi ya 15 kwa kulingana na wengine. Juma lililofuata alialikwa kwenye shindano jingine kubwa na hakuvuka mchujo. Baadaye alirudi kufundisha, kwa sababu alikuwa na mahali pa kurudi.

Anayekwama hapa hapotezi kazi. Kinachoweza kukwama ni ndoto yenyewe ya kucheza, kimya kimya, mwaka baada ya mwaka, bila siku moja unayoweza kuionyesha kidole na kusema hapa ndipo niliposhindwa.

Kwa hali yako

Ukiwa bado shuleni na unapiga chini ya mikwaju 76 mara kwa mara, usiguse fedha za mashindano ya kulipwa na usimfundishe mtu kwa malipo. Linda hadhi ya ridhaa, tafuta mashindano ya vijana kama yanayoandaliwa na Junior Golf Foundation nchini Kenya, na jitahidi darasani hata kama mwalimu wa michezo anakwambia vinginevyo. Njia ya kwanza na ya tatu zitakuwepo baadaye. Ya pili haitakungoja.

Ukiwa na miaka 22 au zaidi, shule uliiacha, na unacheza kwa kiwango cha uwanja (idadi ya mikwaju inayotarajiwa kwa mashimo yote) au chini yake hata katika siku mbaya, njia ya kwanza ni yako. Usiianze bila kufunga hesabu ya msimu mmoja. Wanachama watatu wanaojua mchezo wako, kila mmoja akichangia kidogo kwa mwaka, wana faida kuliko mmoja anayekupa kikubwa mara moja na kukusahau.

Ukiwa na watoto wa kulisha, au umepita miaka 30 na alama zako zinayumba kati ya 72 na 80, anza na ualimu, na uombe klabu ikuachie siku za mashindano ya kanda mara nne au tano kwa mwaka. Ukiwa Tanzania, ambako viwanja ni vichache kuliko vya Kenya, ongea kwanza na klabu iliyo karibu kuhusu kazi kabla ya kulipa ada yoyote.

Ukiwa binti, zizingatie njia zote tatu kama kaka yako, ila jua kwamba katika ukanda wetu mashindano ya kulipwa ya wanawake ni haba mno, na kwa hiyo njia ya kwanza kwako inamaanisha kusafiri mapema zaidi. Chuo, vyeti vikiruhusu, kinakupa raundi nyingi za ushindani ambazo huku huzipati.

Na ukiwa huna uhakika na kiwango chako, chukua Jumatatu kumi zijazo. Piga mkwaju wa kwanza wa kila shimo kutoka kwenye vituo vya nyuma kabisa, usikubali mtu akuachie mpira wa futi mbili bila kuuingiza, hesabu kila adhabu, na mwenzako akusainie kadi. Kadi hizo kumi ndizo za kwenda nazo kwa kocha, kwa mfadhili, au kwa mama anayeuliza kwa nini hujatafuta kazi.